Mjomba wa Kuvukia Mpaka

Mjini Baraka, kando ya ziwa, kuna wanaouza ndakala, yaani dagaa, kuna wanaouza mawese, na kulikuwa na Roger, ambaye aliuza ndugu.

Msianze kuita polisi. Hakuuza ndugu za watu, alijiuza yeye mwenyewe kuwa ndugu. Ukiwa na mgonjwa wa kupeleka ng'ambo, Roger alikuwa kaka wa mgonjwa. Ukiwa na mtoto wa kupeleka shule Bujumbura, Roger alikuwa baba mdogo. Safari moja, kwa nusu siku, alikuwa mgane, akalia vizuri mpaka mama mmoja asiyemjua akamnunulia soda. Wateja wote aliwaambia maneno yale yale: mpaka siku hizi haupitiki hivi hivi, maafisa wa pale wanataka kumwona ndugu, tena ndugu wa aina inayofaa kwa safari yenyewe. Sheria hiyo haikuandikwa popote. Ilizaliwa kinywani mwa Roger na humo ndimo ilimokaa.

Watu wakamwita Roger-wa-Bote, wa wote, na yeye akalipenda jina, kwa sababu kusema kweli hakuwa wa mtu. Mama yake alikufa mapema, na baba yake alijulikana kwa jina la utani tu. Alilelewa na bandari, leo analala kwa huyu, kesho kwa yule. Hakuna ukoo uliopata kumtuma posa, wala uliomwita matanga ili akae upande wa wafiwa. Desturi za nyumba za watu alizijua kwa mbali, kama mtu anavyoijua harufu ya chakula cha jirani. Hilo mlishike, maana ndilo lililomla baadaye.

Kitu kimoja tu duniani kilikuwa chake kweli: moto nyekundu, yaani pikipiki, aliyoipa jina Merveille. Aliiosha ziwani kila asubuhi kabla hajaosha uso. Alikuwa akiisemesha. Wapenzi walimjia na kumkimbia, na kila aliyekimbia alisema jambo moja, kwamba katika nyumba ile mke mkubwa ana magurudumu.

Sasa, asubuhi moja Roger alikuwa kwenye kibanda cha chai karibu na soko, akiwa hana mteja. Kwenye benchi la pili waliketi akina mama wawili. Mmoja alikuwa Mama Adolphine, muuza mawese wa Fizi-Centre, mwembamba, mwenye macho yasiyoharakisha. Wa pili alikuwa wifi yake, Mama Anastasie, ambaye Mungu alimuumba bila kubania udongo.

"Mi nitafanya aje, Anastasie?" Mama Adolphine aliuliza, kwa sauti iliyotosha soko zima. "Baba ya Vanessa amesema muzuri kabisa: kama siku ya posho inapita na mujomba ya Bertin hajaingia mu nyumba yake, binti atamupa ule mwenye kamyo. Na mujomba njo wapi? Kaka yangu analala mu udongo!"

Siku ya posho ni Jumamosi, kamyo ni lori, na Jumamosi ilikuwa inakuja. Bertin alikuwa mwanawe wa kwanza. Miaka ya nyuma alikuwa akichaji simu za watu kwa sola karibu na kambi ya Lusenda, na Vanessa, binti wa wakimbizi wa Burundi, alikuwa akileta simu kila siku, mpaka Bertin akagundua kwamba simu ile huja imejaa. Hapo ndipo mambo yalipoanzia. Kisha familia ya Vanessa ikarudi kwao, ikakaa Bujumbura mtaa wa Kinama, na mapenzi yakabaki yamekatwa katikati na mpaka. Baba yake, Mzee Bonaventure, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa desturi, na kwake posa isiyo na mjomba ilikuwa wizi wenye nyimbo.

Roger aliweka kikombe chini polepole. Akakaribia.

"Pole sana, mama. Mutanisamehe, masikio yangu haina mulango."

"Wewe ni nani?" aliuliza Mama Adolphine, ambaye ameshuka soko la Baraka kila wiki tangu Roger hajaota ndevu.

"Mi ni Roger. Kavimvira pale mupakani, hata mbwa yao inanisalimia. Mama, nitakuambia kintu kimoja na ukitaka unifukuze. Siyo baba ya binti peke yake anataka mujomba. Mupaka pia. Bakiona bamama, bakiona mbuzi, bakiona vitenge, batauliza: mujomba njo nani? Mukikosa jibu, mbuzi analala pale."

"Yesu wangu!" alisema Mama Adolphine.

"Na mbuzi akilala pale?" aliuliza Mama Anastasie.

"Haamuke tena, mama."

Wale wawili wakatazamana. Kwa huzuni, aliona Roger. Huzuni aliijua vizuri, alikuwa akila kwayo.

"Na we unaweza kuwa mujomba?" aliuliza Mama Adolphine.

"Mama, mi nilikuwa mujomba mbele ya kuzaliwa."

Alitaja masharti yake kwa upole wa mchungaji anayetangaza sadaka. Atapewa koti la heshima na jerikeni moja ya mawese. Tena, na hapa alishusha sauti, vitu vyote vya mahari vitapanda juu ya moto yake, kwa sababu kwa sheria ya mpaka mjomba ndiye hubeba. Mama Adolphine alisita kwa muda unaofaa. Akamtazama wifi yake, akatazama mbingu, akakubali.

Kichwani mwake Roger alikuwa amekwisha kufika Uvira. Uvira, mji wa mwisho kabla ya mpaka, alikuwa na rafiki sokoni anayenunua kitu chochote bila kuuliza kilikotoka. Pale vitenge vingeshuka, blanketi zingeshuka, ndakala na mawese na redio kubwa aliyotajiwa vingeshuka, na Roger angepotea upande wa milimani kwa mwezi mmoja hivi, mpaka kilio kipoe. Kuhusu Bertin na binti wa watu, alijiambia kuwa mapenzi ya kweli hayashindwi na kitu.

Siku iliyofuata alipanda Fizi-Centre kufanya matayarisho. Hapa nimsifu anapostahili: Roger hakuwa mtu wa kazi mbovu. Alikagua karatasi za kuvukia za kila mmoja, akauliza kadi za chanjo, akamwamuru Bertin akanyoe. Kisha akafunga kamba kukata ua, akaiita kamba mpaka, akasimama nyuma yake akawa afisa.

"Weye mama! Unaenda wapi?"

"Bujumbura, chef, ku posa."

"Na huyu mwanaume njo nani?"

"Ni kaka yangu."

"Apana! Unasema kama muntu anasoma bei ya sabuni. Uniangalie. Tena!"

"Ni kaka yangu," alisema Mama Adolphine, akimtazama sawasawa.

"Njo vile. Bertin! Huyu ni nani kwako?"

"Mujomba."

"Kwa roho!"

"Mujomba!"

Waliyarudia mpaka jua likasogea, na watoto wa majirani waliokuwa wamepanda ukuta kutazama wakaanza nao kuita mujomba, mujomba. Jioni Roger alipokwenda dukani kukopa sigara, muuza duka alimwita mjomba. Aliona kazi imeiva.

Kisha wakamwita mzee wa ukoo, Mzee Asukulu. Mama Adolphine alieleza, kwa adabu, kwamba ili mpaka usiwe na mashaka ingefaa mambo yafanyike mbele ya watu. Roger hakupinga. Mashahidi wengi ni biashara nzuri, alifikiri. Mzee akamega donge la bugali, akalipasua, nusu akampa Mama Adolphine, nusu akampa Roger, wakala. Akatia maji kinywani, akampulizia Roger kifuani, *puuu*, shati likalowa.

"Umekula donge moja na dada yako," alisema Mzee Asukulu. "Kuanzia leo ukiugua, ni sisi. Ukikosa, ni sisi. Ukikufa, batatuuliza sisi. Unakubali?"

"Ninakubali, baba."

"Kwa roho?"

"Kwa roho yote," alisema Roger, na akatoa chozi moja alilokuwa amelitunza kwa shughuli za namna hiyo.

Akina mama wakapiga vigelegele. Wakamletea koti la marehemu kaka, koti jeusi, zuri bado. Alilivaa, likamkaa mabegani utadhani fundi alimpima. Mama Adolphine alilitazama kidogo, akageuka upande akapangusa jicho kwa ncha ya kitenge. Chozi lile hakulitunza kwa ajili ya mtu.

Asubuhi ya safari Mama Anastasie alichana kitambaa chekundu vipande virefu, akaanza kufunga. Alifunga pembe za mbuzi, masikio ya jerikeni, gunia la ndakala, redio. Bertin alikuwa anampapasa mbuzi kichwani.

"Usimuzoee," shangazi yake alimwambia. "Chenye kitambaa kikiingia mu kiwanja ya bakwe hakirudi nyumbani."

Roger alikuwa hatua chache tu kutoka pale, lakini alikuwa anajitazama katika kioo cha Merveille, kwa ajili ya koti. Mama Anastasie akamfikia na kipande cha mwisho, akakifunga kwenye usukani kwa fundo kubwa lenye mabawa.

"Na hii?"

"Heshima ya mujomba," alisema Mama Anastasie.

"Kweli, imependeza," alisema Roger.

Mzee Asukulu, Mama Adolphine, Bertin na mbuzi wakapanda taksi. Mizigo ikapanda Merveille. Na juu ya mzigo akapanda Mama Anastasie.

"Mama, mi na mzigo tunatosha," alisema Roger haraka.

"Shangazi na mahari ni kitu kimoja, mujomba. Hatuachane." Akajifunga na kamba ile ile iliyofunga mzigo. Alifunga fundo la wavuvi wa Baraka, na fundo la mvuvi halifunguki kwa kubembeleza.

Basi wakashika barabara ya ziwani, Roger mbele, mwanamke wa kutosha nyuma, na Merveille chini ikiguna.

Kabla ya Lusenda walikuta kamba imekata barabara, kamba ya kweli, na vijana wenye kazi isiyoeleweka wameikalia. Kamba ile huwa haishuki bure. Roger alikuwa anatafuta uongo wa kuishusha, lakini vijana walipoona kitambaa wakasimama. "Ni posa! Mupite, mupite, mutuombee na siye!" Kamba ikashuka. Roger hakuamini. Kwenye kamba ya pili ikawa vilevile, na mmoja wao akapiga saluti. Maisha yake yote alikuwa anasema maneno elfu kupita pale, na kumbe kitambara kinapita kikiwa kimya!

Hapo tamaa ikampanda. Akasimamisha moto, akamwomba Mama Anastasie kipande kingine, akakifunga yeye mwenyewe mbele ya taa, kikubwa kuliko cha kwanza.

"Unafunga tena?" aliuliza Mama Anastasie. "Mara mbili?"

"Mama, kama kintu ni kizuri, unakiongeza."

"Weee," alisema Mama Anastasie polepole. "Adolphine amepata ndugu."

Walipofika Uvira, Roger aliiacha taksi itangulie, akakata kona kuelekea sokoni.

"Tunaenda wapi?" iliuliza sauti nyuma yake.

"Iko rafiki yangu pale, nimusalimie kidogo. We shuka, mama, upumuzike, ununue hata maji."

"Kumusalimia ni muzuri. Twende bote. Rafiki yako ni rafiki yetu, sasa si tuko ndugu?"

Yule rafiki alimwona Roger anakuja na mzigo, akatabasamu. Akamwona Mama Anastasie aliyefungwa pamoja na mzigo, akaacha kutabasamu. Walisalimiana juu ya hali ya hewa. Roger akasema anataka choo. Mama Anastasie akafungua fundo lake kwa vidole viwili, akashuka, akachomoa ufunguo wa moto akautia kifuani, mahali ambapo hakuna mwanaume mwenye akili angeufuata, akamsindikiza mpaka mlangoni. Muda wote alioketi ndani Roger alimsikia nje akiimba wimbo wa kanisani, beti zote, bila kuruka hata kiitikio. Alipotoka alikuwa mtu mwingine. "Tuende," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. Mama Anastasie akamrudishia ufunguo.

Lakini mjanja hafi njaa kwenye shamba moja. Kufika Kavimvira alikuwa na shauri jipya: avuke nao, ale karamu, na usiku wakati wote wameshiba, yeye na Merveille na chochote kilicho karibu waondoke zao. Akajipangusa vumbi, akanyoosha koti.

Mpakani afisa alikuwa mtu mnene, mwenye kuchoshwa na kazi yake. Alitazama karatasi. Akatazama mbuzi, akina mama, vitambaa. Roger alivuta pumzi, tayari kwa hotuba aliyoizoea. Afisa akauliza:

"Mujomba njo nani?"

Jamani! Sheria aliyoitunga Roger mwenyewe, kwenye kibanda cha chai, ilikuwa imesimama mbele yake na kofia kichwani. Alikuwa amezoea kukutana na uongo. Ukweli ulipomkuta njiani hakujua auamkie vipi.

"Huyu," wakasema wote kwa pamoja, Mzee Asukulu akinyoosha mkongojo, na Bertin akasema kwa roho, kama alivyofundishwa, "Mujomba wangu."

"Mi nilioa bila mujomba," alisema afisa, akigonga mhuri. "Mupaka leo bakwe bananisema. Pita, baba. Na moto itarudi leo?"

"Itarudi," alisema Roger.

Mzee Bonaventure aliwapokea Kinama, ndani ya ua uliofagiliwa mpaka ardhi inang'aa. Alikuwa mrefu, mkavu, na Kiswahili chake kilikuwa cha Lusenda, alikikusanya kambini pamoja na vidonda vya tumbo. Alimtazama kila mmoja aliyeingia, akauliza yupi ni mjomba, akamkalisha Roger kwenye kiti cha mikono, cha peke yake. Nyuma ya pazia la mlango palikuwa na miguu miwili ya msichana, haitulii.

Mama Anastasie akachomoa tena ufunguo wa Merveille akautia kifuani, na vitu vikapangwa katikati ya ua. Msemaji wa upande wa binti akasimama.

"Tumeona mbuzi ya mama. Tumeona blanketi ya shangazi. Tunashukuru. Lakini mtoto wa kiume anatoka mu tumbo ya mama, na mama anatoka kwa kaka yake. Mujomba, mikono yako imeleta nini?"

Roger alisimama. Kusema ilikuwa kazi yake, na siku ile alisema kuliko siku zote. Alisema jinsi alivyomwona Bertin akiwa mtoto, jambo ambalo halikutokea. Alisema jinsi marehemu kaka yake alivyomwachia maneno ya mwisho, jambo ambalo halikutokea zaidi. Akina mama wa upande wa pili wakaanza kupangusa macho. Alipoona macho yale akapata ari, akainua mikono.

"Bazee bangu, mupwa ni roho! Mi siwezi kumuleta mupwa yangu hapa na mikono mitupu. Kintu kile ninapenda kuliko bintu byote mu dunia, njo kile nilileta!"

Hakuwa na maana ya kitu chochote. Yalikuwa maneno ya kujaza mahali. Lakini ua mzima ukageuka kutazama langoni. Pale, juani, ilikuwa imesimama Merveille, imeoshwa, imeingia ndani ya kiwanja cha wakwe, na vitambaa viwili vyekundu vinapepea juu yake.

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilisikika mtaa wa pili. Mzee Bonaventure aliinuka kitini.

"Amefunga mara mbili," alisema. "Nimekaa miaka yote hii duniani. Sijaona mujomba mwenye kufunga mara mbili."

Roger akakumbuka mbuzi. Akakumbuka "usimuzoee." Akili ilimfikia yote kwa wakati mmoja. Alifungua kinywa aseme kuna makosa, moto ni ya kazi, kitambaa ni ya barabara tu. Mama Anastasie alikuwa amekwisha kusogea. Alitoa ufunguo kifuani, bado una joto, akauweka katika kiganja cha Roger mbele ya watu wote, kisha akarudi kuketi.

Ufunguo ulikuwa mkononi mwa Roger. Lango lilikuwa wazi.

"Mujomba anasita?" aliuliza Mzee Bonaventure, na uso wake ukaanza kufungwa kama duka.

Roger akamtazama Mama Adolphine. Hakuwa anamtazama yeye, alikuwa anatazama chini, na mikono yake imeshikana magotini mpaka vidole vimepauka. Akamtazama Bertin. Bertin alikuwa anatazama ile miguu miwili chini ya pazia, ambayo sasa ilikuwa imetulia kabisa.

Wako wanaosema Roger aliogopa kipigo. Wako wanaosema alihesabu njia ya kutokea akaikuta imekaliwa na Mama Anastasie. Mimi nilichoambiwa ni kwamba alivuta kamasi, akatembea polepole mpaka kwa Mzee Bonaventure, akampa ufunguo kwa mikono miwili.

"Asubuhi inawaka vibaya," alisema. "Uvute choki kwanza. Usiipige teke na hasira, haipende."

Na chozi lililomtoka halikuwa lile la akiba.

Alikula kabla ya wote, maana mjomba ndiye huanza. Alipewa firigisi. Vanessa alitoka, akapiga magoti mbele yake akamsalimia mjomba, na Roger hakujua pa kuweka mikono. Wakati wa kuaga, Mzee Bonaventure akamletea mguu mzima wa nyuma wa mbuzi aliyechinjwa kwa ajili yao, na kwato yake, na manyoya yake. Mguu ule ni wa mjomba wa posa, hapewi mtu mwingine.

Walirudi wote ndani ya taksi ya kuwafikisha mpakani, wamebanana, Roger dirishani na mguu wa mbuzi mapajani. Kwa muda mrefu hakusema. Kwa Roger hilo lilikuwa jambo la kumtisha dereva.

"Yaya," alisema mwishowe, na hakuna aliyemwambia amwite Mama Adolphine yaya, yaani dada mkubwa. "Mumenila."

"Nani amekula nani?" aliuliza Mama Adolphine. "Si ni we ulisema mupaka inataka mujomba? Imetaka."

"Ile chai kwenye kibanda…"

"Weye kweli," Mama Anastasie alimkata. "Ulizani Adolphine amekosa pa kunywa chai? Soko zima iko na chai. Tulizunguka tukikutafuta tangu asubuhi, miguu yangu ikavimba."

"Na kule sokoni Uvira, mulijua?"

"Ulizani pale mulango ya choo niliimba beti yote bure?" alisema Mama Anastasie.

Roger akageukia dirisha. Alikasirika, tena sana. Alikasirika mpaka walipofika Gatumba. Alihesabu kila jina alilowahi kuwaita watu aliowala, akaona yote yanamtosha yeye. Mchimba kisima ameingia mwenyewe, tena kwa koti.

"Ndugu yangu," alisema Mama Adolphine baada ya kitambo, na safari hii hakuwa anasema ili soko lisikie. "Moto nimekula, sikatai. Mutoto wangu alikuwa anapotea. Lakini ile bugali ya Mzee Asukulu haikuwa ya kucheza. Nyumba iko Fizi. Ukiugua, utakuja kulala kwangu. Siku utakufa, tutakulilia mpaka jirani bachoke, na utalala pembeni ya mwenye lile koti."

Katika umri wake wote Roger alikuwa amelia katika misiba ya watu kwa malipo, na hakuwahi hata mara moja kujiuliza wake utaliliwa na nani. Alishika ule mguu wa mbuzi kwa mikono yote miwili, akatazama nje mpaka walipofika mpakani.

Afisa alikuwa yule yule.

"Leo uliingia na moto."

"Imebaki."

"Umeiuza ng'ambo? Kuuza ni kesi ingine, baba."

"Sijauza. Ni mahari. Ya mupwa yangu."

"Bote banasema vile," alisema afisa kwa uchovu. "Kila mwenye kuuza moto iko na mupwa."

Roger alikuwa na maneno ya kutosha kwa afisa kumi. Hayakuja. Alichofanya ni kuinua mguu wa mbuzi, na kwato yake na manyoya yake, akauweka juu ya meza. Afisa aliutazama. Akautazama tena. Akavua kofia.

"Pita, mujomba," alisema.

Wakapita. Upande wa pili, wakisubiri gari la Baraka, Mama Adolphine alijikohoza.

"Bertin ni wa kwanza tu, unajua. Nyuma yake iko Placide. Placide anasema amepata binti Kigoma."

"Kigoma si ni ng'ambo ya ziwa?" aliuliza Roger. "Moto haifike."

"Haifike, kweli. Kule mujomba anaenda na mutumbwi."

Mama Anastasie alikuwa ameanza kupekua mfuko wake, akitafuta kilichobaki cha kile kitambaa chekundu. Roger alimtazama. Akatazama ziwa, ambako mitumbwi ya wavuvi ilikuwa inatoka. Kisha akamsogelea mvuvi mmoja aliyekuwa anaziba mtumbwi wake ufukweni, akamwuliza bei, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuuliza bei ya kitu akiwa na nia ya kulipa.